Kausha Damu: Kwa Nini Tunamlipa Kwanza Anayepiga Kelele?

Makamanda,

Wiki iliyopita kwenye grupu la tawi letu uliingia ujumbe ambao wengi wenu mmeshapokea wa aina yake. Picha ya mwenzetu, picha ya kitambulisho chake cha NIDA, na maneno kwa herufi kubwa: huyu ni tapeli, amekimbia na fedha za kampuni, wewe umeandikwa mdhamini wake, mwambie alipe leo kabla ya saa kumi. Deni lenyewe elfu hamsini. Dakika tano hazijaisha grupu zima linacheka. Stika zikamwagika, mmoja akauliza kama kamanda atagombea uongozi wakati anadaiwa hela ya vocha. Mwenzetu akajitoa usiku huohuo na mpaka naandika hapa hajarudi. Huyu ni mtu aliyekesha kituoni akihesabu kura kama wakala wetu, na nauli alijilipia.

Naomba leo tukiongelee hicho kicheko, kwa sababu ndicho mkopeshaji alichokuwa anakitafuta. Ule ujumbe haukuandikwa ili sisi tulipe. Hakuna mtu kwenye grupu lile angetoa hata buku. Uliandikwa ili tucheke, na mwenye deni ajue kwamba tumecheka. Kicheko chetu ndiyo dhamana ya mkopo ule.

Wenzetu wa Marekani wakisema wana madeni, mara nyingi wanaongelea kadi ya benki: unanunua leo, unalipa mwisho wa mwezi, ukichelewa riba inaanza kutembea. Kwetu kadi ya namna hiyo ni ya watu wachache. Kadi tunayoijua ni ya ATM, nayo ina habari yake ya kusikitisha: mwalimu au mstaafu anaiacha kwa mkopeshaji pamoja na namba ya siri, mshahara au pensheni ikiingia mkopeshaji anachota kwanza, mwenye kadi anapewa kilichobaki kama mtoto anapewa hela ya pipi. Kijana asiye na mshahara, kadi yake ni laini ya simu. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Mwaka 2014 ikaja M-Pawa ya kuweka na kukopa kwa simu, mitandao mingine ikafuata, halafu zikaja huduma za kukuongezea salio pale unapotuma hela ikapungua. Hizo zina benki nyuma yake na zina leseni. Baada ya hapo likaja wimbi la aplikesheni ambazo ofisi zake hazijulikani ziko wapi, wala anayekupigia simu jina lake hulijui.

Hapa Morogoro jambo hili lina sura yake. Kijana wa Matombo au Kinole akienda benki anaulizwa dhamana. Hati hana. Shamba la migomba na mdalasini analolima ni la ukoo wa mama yake, maana kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na huwezi kuweka rehani shamba ambalo wajomba na mama wadogo wote wana neno juu yake. (Na afadhali iwe hivyo, maana nina hakika mengine yangeshaondoka.) Benki inamrudisha nyumbani. Mkopeshaji wa mtandaoni shamba halimhusu. Anaomba ruhusa moja tu, kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu. Mama, mjomba, mchumba, katibu wa tawi, padri, sheikh, mwenye nyumba. Ule ukoo uliolizuia shamba lisiuzwe, sasa wenyewe ndio umewekwa rehani, na hakuna aliyeuuliza.

Halafu tazama bei. Nachukua mfano wa kawaida kabisa. Unaomba elfu 50. Kwenye simu inaingia elfu 32, nyingine wanasema ni ada ya huduma. Baada ya siku saba unatakiwa urudishe elfu 50 kamili. Kwa hiyo umekopeshwa 32,000 na gharama yake ni 18,000, zaidi ya asilimia 56 kwa wiki moja. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana za watu, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Asilimia 3.5 ya 32,000 ni shilingi 1,120. Soma tena hizo namba mbili, 18,000 kwa wiki na 1,120 kwa mwezi, halafu uniambie tapeli ni nani kati ya yule aliyetumwa picha yake kwenye grupu na yule aliyeituma.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi, ambacho wengi hatukisemi.

Nina rafiki yangu, tulisoma naye sekondari, siku hizi ananunua karoti, njegere na kabichi Nyandira anashusha mjini. Wanaoijua barabara ya Mgeta, ile ya kutokea Sangasanga kupita Mlali kwenda juu, mnaelewa masika inakuwaje. Gari likikwama siku mbili, kabichi haikusubiri. Mzigo mmoja ukamharibikia, na hapo alikuwa na madeni matatu: laki mbili ya VICOBA, elfu arobaini ya kuongezewa salio kwenye simu, na elfu hamsini ya aplikesheni. Mzigo uliofuata ukampa laki na ishirini mkononi. Alimlipa nani? Alilipa aplikesheni. Wiki iliyofuata akakopa aplikesheni ya pili ili apate mtaji, ikaja ya tatu ili alipe ya pili. VICOBA wakasubiri miezi mitatu. Kwa nini walisubiri? Kwa sababu mwenyekiti wao ni mama wa makamo, rika la mama yake mzazi, na kila wakikutana alikuwa anamwambia neno moja tu: "Mwanangu, tunakungoja."

Hela ya VICOBA si ya kampuni. Ni ya akina mama wanaouza maziwa ya mbuzi na ndizi, wanaoweka hisa kila wiki ili mwisho wa mwaka wagawane na Januari watoto waende shule. Laki mbili isiporudi, kuna mtoto wa mtu anarudishwa getini. Lakini kwa kuwa wao hawatukani, hawatumi picha, hawampigii mjomba wako saa tano usiku, wanalipwa mwisho. Sote tumezoeshwa hivyo: anayepiga kelele analipwa kwanza, mpole analipwa kikibaki. Na mwenye kelele ndiye huyohuyo wa 18,000 kwa wiki. Yaani tunachukua jasho la akina mama wa Uluguru tunalihamishia kwa watu ambao hata sura zao hatujawahi kuziona.

Kwa hiyo ukitaka kutoka kwenye deni, kitu cha kwanza ni kuzima kelele, na kelele inazimika kwa kujua sheria inasemaje. Mimi bado mwanafunzi wa sheria, si wakili, nisije nikapigiwa simu za bure. Lakini haya yameandikwa na kila mtu anaweza kuyasoma.

Deni ni madai, si jinai. Polisi hawana kazi ya kukusanya marejesho. Mkopeshaji akikutishia kituo cha polisi anategemea kwamba hujui tofauti. (Jinai inaweza kuwepo kama ulidanganya tangu mwanzo, mfano ulitumia kitambulisho cha mtu mwingine kuchukua hela. Kukopa kwa jina lako halali ukashindwa kulipa si utapeli.) Tanzania iliridhia mwaka 1976 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao ibara yake ya 11 inakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kweli, sheria yetu ya mwenendo wa madai ina kifungo cha madai, lakini hakitolewi na afisa mikopo kwa meseji. Mpaka ufikie huko anayekudai awe amefungua kesi, ameshinda, ameomba, hakimu ameridhika, na hapo bado mdai huyo ndiye anayegharamia matunzo yako ukiwa ndani. Kwa elfu hamsini? Hawafiki huko.

Hata akishinda kesi, kuna vitu havikamatwi: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, zana za fundi za kufanyia kazi. Nimeshuhudia mtu akibeba godoro la watu mchana kweupe, bila amri ya mahakama wala dalali wa mahakama, majirani tunaangalia kama vile ni haki yake. Siku nyingine mtu akija kwenye nyumba ya kamanda na toroli, muulizeni karatasi. Hana, arudi alikotoka.

Kuhusu kusambaza picha na namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo na inapokea malalamiko. Taarifa zilizochukuliwa kwa kazi moja hazitumiki kwa kazi nyingine. Na hapa pana jambo ambalo watu hawalioni: wewe uliyetumiwa ule ujumbe nawe umekosewa. Hukukopa, hukudhamini, hukumruhusu mtu yeyote kuchukua namba yako. Unaweza kulalamika kwa jina lako mwenyewe. Kama grupu letu lina watu mia na tisini, yule mkopeshaji alitengeneza walalamikaji mia na tisini kwa kubonyeza mara moja, sisi tukajibu kwa stika.

Halafu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Najua, tukiisikia tu roho inapanda, tumewaona wenzetu wakipelekwa mahakamani kwa sheria hiyo kwa sababu ya maneno yao mtandaoni. Lakini humohumo kuna kifungu cha 23 kinachokataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumlazimisha au kumsumbua. Mbona kwa hawa mkono wa sheria ni mzito hivyo kunyanyuka?

Kenya hawakuanza vizuri kuliko sisi. Lakini mwaka 2021 Bunge lao lilibadilisha sheria, 2022 Benki Kuu yao ikapewa kanuni za kuwasajili wakopeshaji wa mtandaoni, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data akaipiga kampuni moja faini ya karibu shilingi milioni 3 za kwao, kwa kuchukua namba za watu na kuwatumia vitisho. Hapa, Benki Kuu ilitoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijitali Agosti 2024, na Novemba mwaka huo ikatangaza majina ya aplikesheni 69 zisizo na leseni na kuwaonya wananchi wasizitumie. Nalipongeza hilo, sina shida kulipongeza. Lakini aplikesheni ni kama utitiri, unafuta jina moja linakuja lingine lenye rangi ileile. Kabla hujakopa, ingia tovuti ya Benki Kuu utazame kama jina lipo kwenye orodha ya wenye leseni. Dakika mbili tu.

Kuna kamanda mmoja aliniambia suluhisho ni watu wote wagome, asilipwe mtu. Sikubaliani naye, na nilimwambia. Ukigoma kwa jumla jumla, wa kwanza kuumia ni yule mama wa VICOBA. Ulichopokea ni cha mtu, kirudishe. Tofauti iko kwenye kupanga.

Andika madeni yote kwenye karatasi, mpaka daftari la mangi. Andika ulipokea kiasi gani hasa, unatakiwa urudishe kiasi gani, na anayekudai ana leseni au hana. Watu wengi wanaogopa hiyo karatasi kuliko wanavyoogopa deni lenyewe. Kisha acha kukopa ili kulipa. Hata kama ni kwa aibu, acha. Lile la simu linalokatwa ada kila siku lifunge mapema kwa sababu linakula kimya kimya, na kila hela inayoingia kwenye laini inalikuta mlangoni. VICOBA nenda mwenyewe siku ya kikao, usitume mtu, useme mbele ya wanachama utaleta kiasi gani na lini, hata kama ni elfu kumi kila wiki. Rafiki yangu alifanya hivyo. Alitegemea kusutwa, walichofanya ni kumwandikia ratiba. Na aplikesheni isiyo na leseni, msimamo wangu ni huu: rudisha ulichopokea, tunza meseji za muamala na skrinishoti za matusi, waandikie kwamba kinachozidi hapo wakadai mahakamani. Hakimu akiamua vingine ni hakimu. Wengi wao kwa hakimu hawataki kufika, kwa sababu swali la kwanza litakuwa leseni iko wapi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inasema kukopesha kibiashara bila leseni ni kosa.

Ukishindwa kuandika barua, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017. Na ile kampeni ya msaada wa kisheria yenye jina la Mama ikipita kwenu, nendeni. Jina lisiwakwaze, pelekeni karatasi zenu.

Nimeandika mengi kuhusu mtu mmoja mmoja na najua mtaniuliza siasa iko wapi. Iko hapa. Kila mwaka tunaletewa maafisa wa elimu ya fedha, wanasimama na vipaza sauti kutuambia wananchi hatuna nidhamu ya hela. Sawa, elimu haina ubaya. Lakini mtu wa Nyandira anakopa kwa riba ya asilimia 56 kwa wiki kwa sababu mkopo usio na riba, ambao sheria inamtambulisha kama haki ya kikundi chake, haumfikii. Tangu 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, bila riba, kwa mgao wa nne, nne na mbili. Aprili 2023 mikopo hiyo ikasitishwa, baada ya ripoti ya CAG kuonyesha mabilioni yaliyotolewa hayakurudi. Ikakaa zaidi ya mwaka mzima. Waliokula walikuwa vikundi hewa na wenye ndugu ofisini. Waliofungiwa bomba ni wote. Na mwaka ule mzima kausha damu hawakufunga duka hata siku moja. Hapa chuoni penyewe bumu likichelewa wiki mbili tu, utawaona wanafunzi wanavyoulizana ni aplikesheni gani "inatoa fasta".

Na msiniambie madeni si ajenda ya kisiasa. Wadaiwa wa bodi ya mikopo ya elimu ya juu walilalamika miaka kuhusu ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, deni linakua huku unalipa. Wakaambiwa ni sheria, wavumilie. Hawakunyamaza. Mei Mosi 2021 Rais akatangaza kuifuta. Kumbe na mdaiwa naye akipiga kelele anasikika, tatizo ni kwamba kelele zetu tunazimalizia kwenye kucheka wenzetu.

Kwa hiyo naomba mawili kutoka kwa viongozi wa matawi ya Morogoro Mjini, Morogoro Vijijini na Mvomero. Kwanza, ujumbe wa kumdhalilisha mtu kwa deni ukiingia kwenye grupu la chama, admini aufute papo hapo baada ya kuutunza kama ushahidi, na mtu mmoja ampigie simu mhusika usiku uleule. Yule wetu bado hajapigiwa. Pili, twendeni kwenye halmashauri tukaulize kwa barua, tangu mikopo ya asilimia 10 irudishwe, ni vikundi vingapi vya vijana vya tarafa ya Mgeta vimepata, kiasi gani, na majina yao ni yapi. Tuombe majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, Langali, Nyandira na Tchenzema, mahali ambapo wauza karoti wanapita. Barua nimeshaiandika rasimu. Anayetaka kutia sahihi anitumie jina na kata yake.